Vidonge vya mimba iliyoharibika: tathmini yangu baada ya kutibiwa nyumbani, South C

Nyota nne kati ya tano. Dawa peke yake ningeipa tatu. Kilichopandisha alama ni sista aliyekuwa akishika simu usiku.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mkaazi wa South C, Nairobi, nafanya hesabu katika duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road. Ilikuwa mimba yangu ya pili, wiki ya tisa ukihesabu kutoka hedhi ya mwisho. Niliona matone ya damu ya kahawia, nikaenda kupigwa picha ya tumbo (ultrasound). Pale nilipopigiwa picha (sipataji) mpigaji alinyamaza kimya, akageuza kioo upande wake, akanipa bahasha na kuniambia nimwone daktari wangu. Bahasha niliifungua kwenye ngazi. Kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, kilikuwa na milimita 10, saizi ya wiki ya saba, na mpigo wa moyo haukuonekana.

Hospitali ya kwanza niliyoingia na bahasha ile nayo nitaiacha bila jina. Niliambiwa nirudi kesho asubuhi bila kula, nikiwa na pesa za kuweka, nisafishwe mfuko wa uzazi. Nikauliza kama kuna njia nyingine. Nikajibiwa kwamba hakuna, mimba ikifa ndani lazima isafishwe. Sasa najua jibu hilo halikuwa kweli, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika tathmini hii, kwa kuwa naamini kuna mwingine anayejibiwa vivyo hivyo wiki hii katika mji huu huu.

Wifi yangu wa Eastleigh ndiye aliyenielekeza kliniki ya Ngara. Jina lake silitaji, kwa kuwa wahudumu huhama na ninachotaka kupima hapa ni matibabu na jinsi yalivyopangwa. Daktari, mama wa makamo, alisoma picha yangu kisha akairudia mwenyewe kwa mashine yake. Akanieleza kwamba kiinitete kikifika milimita 7 na moyo haupigi, hapo hakuna shaka tena. Kikiwa kidogo kuliko hapo hatoi dawa yoyote. Anamwambia mama arudi baada ya wiki moja au zaidi, apimwe tena, maana huenda hesabu ya tarehe ndiyo iliyokosea. Maelezo hayo yalinituliza kuliko pole zote nilizopewa. Nilitaka kuwa na hakika kwamba sitameza dawa ya kumtoa mtoto aliye hai.

Kisha akaniwekea njia tatu mezani. Ya kwanza ni kungoja: ukiwa na subira ya hadi wiki 8, wanawake kama 80 kati ya 100 mimba hujitoa yenyewe, ila huwezi kujua itakukuta wapi, kazini au ndani ya matatu. Ya pili ni kusafishwa kwa pampu ya mkono, jambo la dakika chache, linalofaulu karibu kila mara, na unatoka umemaliza. Ya tatu ni vidonge. Hakunisukuma popote. Nilipomuuliza yeye angechagua nini, alisema swali hilo hulijibu baada tu ya kujua mtu anaishi na nani, choo chake kiko wapi na usiku atapata gari vipi. Nikaona huyu anajua Nairobi.

Vidonge vyenyewe ni vya aina mbili. Wengi husikia jina moja tu, misoprostoli, dawa iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Hiyo hulainisha mlango wa kizazi na kuufanya mfuko wa uzazi ujikaze mpaka utoe kilichomo. Nyingine ni mifepristoni, iliyotoka Ufaransa miaka ya 1980. Hiyo huzuia projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, kwa hivyo misoprostoli ikifika baadaye hukuta mfuko uko tayari kuitikia. Daktari alinionyesha kwenye simu yake matokeo ya utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, uliochapishwa na jarida la utabibu, New England Journal of Medicine. Wanawake walikuwa 300, wote mimba zimefia ndani. Waliopewa dawa zote mbili, karibu 84 kati ya 100 walikuwa wamemaliza kwa dozi moja walipoangaliwa mara ya kwanza. Waliopewa misoprostoli peke yake walikuwa 67. Kwa hivyo ukienda mahali ukapewa misoprostoli tu, umetibiwa, na Shirika la Afya Duniani linaikubali pale ambapo nyingine haipatikani. Lakini uliza hiyo nyingine.

Kabla ya kunipa chochote walinipima wingi wa damu na kundi lake, wakaniuliza maswali mengi. Je, nina koili ya kupanga uzazi? Natumia dawa za kuzuia damu kuganda? Nina ugonjwa wa kutokwa na damu, au natumia dawa za steroidi kwa muda mrefu? Pia walihakikisha kwenye picha kwamba mimba imo ndani ya mfuko, kwa sababu ikiwa nje ya mfuko vidonge hivi havitaitibu, na mama anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani huku akidhani yuko kwenye matibabu. Hapa ndipo namwonea huruma dada anayenunua vidonge viwili vitatu vimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Hakuna aliyemwangalia.

Na tena kuna suala la vidonge vyenyewe. Sista alinikalisha, akaleta pakiti, akaniambia niisome tarehe kwa sauti. Akanionyesha kwamba kila kidonge kimelala kwenye kitumba chake, foili juu na foili chini, hakuna palipotoboka. Misoprostoli haipendi unyevu. Kidonge kilichokaa wazi kinaweza kuonekana kizima kabisa na nguvu imeshapungua. Mifepristoni, kidonge kimoja cha miligramu 200, nilikimeza pale pale kwa maji, Ijumaa. Vile vinne vya misoprostoli, kila kimoja maikrogramu 200, akanifungia niende navyo nyumbani, nivitumie kesho yake.

Akachukua karatasi, akaandika saa kwa saa kwa mkono wake. Ndiyo karatasi ninayotaka kuisifu. Saa saba na nusu, Brufen ya maumivu, baada ya kula. Saa nane, vidonge, viwili kila upande kati ya shavu na ufizi, dakika 30, kisha meza mabaki kwa maji. Baada ya hapo: “Utatetemeka, joto litapanda kidogo, huenda ukaharisha. Si malaria. Litapita.” Kisha: “Damu nyingi kuliko hedhi, mabonge, maumivu. Ndiyo kazi ya dawa.” Na chini kabisa, akapiga mstari: pedi kubwa mbili zikilowa kabisa ndani ya saa moja, na saa inayofuata ikawa hivyo hivyo, usingoje, piga simu huku ukielekea hospitali. Vilevile ukizirai, ukipata homa ya digrii 38 na kuendelea baada ya saa 24 kupita, ukitoka uchafu wenye harufu mbaya, au saa 24 zipite bila damu yoyote. Namba mbili za simu, moja ya kliniki na moja yake.

Aliniambia pia tujaze ndoo na mitungi yote. Sijui ni hospitali gani nyingine mjini inayomkumbusha mgonjwa habari ya maji. Jumamosi mfereji ulikuwa mkavu kweli, kama kawaida yetu.

Nasra, mtoto wetu, alichukuliwa na shangazi yake asubuhi. Dawa niliitumia saa nane. Vidonge havina ladha ya kutaja, ni kama chaki, na mdomo hukauka mpaka unatamani kutema. Baada ya kama saa moja nikaanza kutetemeka meno yakigongana, nimejifunika blanketi mbili na jua la Nairobi liko dirishani. Ningekuwa sijaisoma ile karatasi ningekimbia kupima malaria. Kufikia magharibi kutetemeka kulikuwa kumeisha na tumbo limeanza.

Kuhusu maumivu nitasema ninavyojua mimi, niliyezaa mara moja kwa njia ya kawaida. Hayafiki ya kuzaa. Lakini anayekwambia ni kama hedhi hakutendei haki. Yanakuja kwa mawimbi, yanashika kiuno na mapaja, na kila wimbi likipita unapata nafasi ya kupumua. Chupa ya maji moto tumboni ilinisaidia sana. Brufen ya pili nayo, niliyoruhusiwa baada ya saa sita, ilisaidia. Damu ilianza kama saa kumi na moja jioni, na baada ya isha ikawa nyingi hasa, mabonge mengine ukubwa wa limau.

Nilimpigia sista. Simu ilishikwa kabla haijalia mara tatu. “Sema, Mama Nasra.” Hakuniuliza mimi ni nani. Akaniuliza pedi ngapi na kwa muda gani, zimelowa zote au nusu, nikisimama naona kizunguzungu, nimekunywa nini. Akamtaka Baba Nasra kwenye simu, akamwambia aandike saa kila ninapobadilisha, na ampigie baada ya dakika 30 akiwa na hesabu. Mume wangu, mtu ambaye jioni nzima alikuwa akizunguka sebuleni bila kujua aweke mikono yake wapi, alichukua risiti ya dukani kwetu, akaigeuza, akaanza kuandika. 8.10. 8.55. 9.50. Nafasi kati ya namba hizo ilipoanza kupanuka, hata mimi niliona kwa macho kwamba damu inapungua. Saa tatu na dakika kadhaa usiku kiinitete kilikuwa kimetoka.

Karatasi ilikuwa imeniandaa kwa hilo pia. Ilisema katika umri ule naweza kuona kitu kama kifuko cheupe chenye kijivu, na kwamba wengine huona zaidi ya hapo. Nashukuru hawakuniambia “utaona damu tu”. Kliniki ilikuwa imetupa hiari ya kuwarejeshea au kuzika wenyewe. Tulizika. Sista alipiga mwenyewe saa tano usiku kuuliza kama nimekula. Baba Nasra akachemsha uji, nikanywa vikombe viwili, nikalala.

Sasa niseme kuhusu duka la dawa, kwa kuwa nalo ni sehemu ya matibabu haya mtu apende asipende. Dawa za maumivu na vidonge vya kuongeza damu ziliandikwa kwenye karatasi moja na vile vidonge vya mimba, na mume wangu ndiye aliyezifuata mtaani. Muuzaji akasoma majina kwa sauti mbele ya watu, akamwuliza, “Huyu mkeo anatoa?” Alirudi nyumbani amebadilika uso, na hakuniambia mpaka baada ya siku kadhaa. Ni kweli dawa ni zile zile. Ndizo hutumika mtu anapotoa mimba, ndizo hutumika mimba ikiwa imekwisha kufa, na misoprostoli hutumika hata kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Lakini kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika si kosa kwa sheria za Kenya, na Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwanamke anayevuja damu hadaiwi ushahidi wa huzuni yake kwenye kaunta. Baada ya kulalamika, kliniki sasa inaniambia huandika dawa za maumivu kwenye karatasi ya peke yake. Mungu awabariki kwa hilo.

Damu nyepesi iliendelea kwa muda, ikipungua siku hadi siku, jambo ambalo ni la kawaida hadi wiki mbili na pengine zaidi kidogo. Niliporudi kupigwa picha, nilipelekwa kituo kingine kwa sababu mashine ya kliniki ilikuwa imeharibika. Huko ripoti ikaandika “mabaki” na mpigaji akaniambia nitahitaji kusafishwa tu. Nikaona nimeteseka bure. Daktari wa Ngara alipoisoma aliniuliza damu ikoje, tumbo linauma, nina homa. Vyote vilikuwa shwari. Akanieleza kwamba baada ya dawa ni kawaida ukuta wa mfuko kuonekana mnene na damu kidogo kubaki ndani, na unene peke yake hausababishi mtu asafishwe. Kinachoangaliwa ni kwamba kifuko cha mimba hakipo na mama mwenyewe anaendelea vizuri. Hedhi iliyofuata ilimaliza kila kitu. Wangapi wanasafishwa kwa sababu ya neno moja kwenye ripoti? Akaniambia pia nisipime mimba kwa mkojo mapema, maana kipimo kinaweza kuonyesha mistari miwili hadi wiki nne baadaye, homoni ikiwa bado haijaisha mwilini, na kwamba naweza kushika mimba tena hata kabla ya kuona hedhi. Kama sitaki kwa sasa, nianze kinga mapema.

Lililonipa nguvu zaidi lilikuwa kitu kisichouzwa. Mama mkwe, ambaye nampenda na anipenda, alikuwa amesema kwa simu kwamba kilichoharibu mimba ni zile ndoo za maji nilizopandisha ghorofani. Jirani akasema ni jicho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatosheka kwamba ni matuta ya barabara, kila siku kupanda matatu ile ya kurukaruka. Daktari alifunga faili, akanitazama. Akasema mimba katika hizo wiki za mwanzo huharibika kwa wanawake wengi, kama mmoja katika kila kumi au zaidi ya waliojua wana mimba, na karibu nusu ni kwa sababu kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, hazikukaa sawa tangu mbegu na yai vilipokutana. Ndoo haivunji kromosomu, wala matuta. Akaniomba nimpigie mama mkwe pale pale, akamweleza mwenyewe kwa heshima, “Mama, shikamoo,” kwa Kiswahili safi. Kutoka siku hiyo habari ya ndoo sijaisikia tena.

Gharama: picha ya kwanza nililipa shilingi 2,500. Matibabu yote ya Ngara, pamoja na vipimo, dawa na kurudi kuangaliwa, hayakufika nusu ya pesa nilizotakiwa kuweka kule kwa kusafishwa. Nililipa kwa M-Pesa na risiti nikapewa bila kuomba.

Kwa nani singeyapendekeza? Anayeishi ploti ya choo cha pamoja, ningemwambia aende kwa ndugu mwenye choo cha ndani, au achague kusafishwa bila kuona haya. Usiku ule wa kwenda chooni kila baada ya dakika chache haufai na foleni ya majirani. Anayeishi peke yake, atafute mtu wa kukaa naye usiku huo. Aliye mbali na hospitali, pia afikiri sana. Sisi kutoka South C teksi ingetufikisha Mbagathi au Kenyatta upesi hata usiku wa manane, na kujua hivyo kulinitoa hofu nyingi. Na asiyetaka kuona chochote, anayetaka tu limalizike leo, kusafishwa ni uamuzi mzuri vilevile. Rafiki yangu alifanya hivyo na hajutii.

Ukipiga simu kliniki yoyote kuuliza huduma hii, waulize wana dawa zote mbili au moja, wanapiga picha kabla ya kutoa dawa, na nani atashika simu saa nane usiku. Wakikujibu “uje tu tutaona” kwenye hilo la mwisho, tafuta pengine.

Nyota niliyoipunguza ni ya benchi. Kliniki ina ukumbi mmoja wa kungojea picha, na nilikaa kati ya kina mama wawili wenye matumbo makubwa, mmoja akimwonyesha mwenzake video ya mtoto akicheza tumboni. Si makosa yao, wana haki ya furaha yao. Lakini nilikuwa na ripoti yangu mapajani, na kuna chumba cha pembeni kinachowekwa viti vibovu. Nimemwandikia msimamizi kumwomba akisafishe, aweke viti vizuri, na anayekuja na habari kama yangu apitishwe huko. Amejibu kwamba watalizungumza kwenye mkutano wa wafanyakazi. Wakikifungua chumba hicho nitarudi hapa niongeze nyota.